Ukikodisha gari lako, faida ni ipi?

Msimu wa pamba unapofunguliwa, mwenye pikapu Lalago, wilayani Maswa, hakosi mtu wa kuliomba kwa siku kadhaa. Malipo ni taslimu, anayelichukua ni jirani; ufunguo unatolewa bila karatasi.

Tuchukue mfano. Gari linakodishwa Sh. 60,000 kwa siku, siku 10 kwa mwezi: Sh. 600,000. Wengi huzihesabu zote kuwa faida. Toa oili na matengenezo Sh. 120,000, akiba ya tairi Sh. 100,000, bima Sh. 50,000 na uchakavu Sh. 180,000. Zinabaki Sh. 150,000, kodi bado. Uchakavu ndio husahauliwa, maana hauna risiti.

Bima ni hatari kubwa zaidi. Iliyokatwa kwa matumizi binafsi, yaani gari la namba za njano, kwa kawaida haihusu gari la kukodisha. Ajali ikitokea, kampuni inaweza kukataa dai. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hailipi gari lako kabisa. Iulize kampuni kwanza, upate jibu kwa maandishi, kisha ulizia leseni LATRA.

Andika pia kilomita wakati wa kukabidhi na kurudisha. Gari lililokwenda Mwanhuzi halilipiwi sawa na lililozunguka sokoni.