Fedha za Shule na Alama za Mtihani

Muhula uliopita darasa letu hapa Kamembe lilifanya majadiliano. Hoja ilikuwa hii: shule za msingi zinazoshindwa katika mtihani zipunguziwe fedha, na zinazofaulu ziongezewe. Mimi nilisema upande wa kukubali, nasi tukashinda kwa kura nyingi.

Jumamosi nikapanda mlima kwenda kumwamkia bibi. Mdogo wangu anakaa kwake, naye yumo darasa la sita katika shule ndogo ya huko. Nikamsimulia ushindi wetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kaka, shule yetu ikinyimwa chaki, ndipo tutakapofaulu?" Sikuwa na jibu. Niliporudi nikachukua kalamu na karatasi, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, fedha zatoka wapi? Rwanda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, mwaka ule ule na Kenya. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 1997. Tangu hapo Serikali hulipa mishahara ya walimu, na kando ya hiyo hutoa ruzuku, yaani fedha za matumizi ya shule zinazohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi. Mwaka 2008 ruzuku hiyo ilifikishwa faranga 3,500 kwa kila mtoto kwa mwaka. Wazazi nao huchangia chakula cha mchana. Septemba 2022 mchango wa shule za msingi za Serikali uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa iliyobaki ikabebwa na Serikali.

Pili, tupige hesabu. Tuchukue kiasi kile cha 2008, na shule mbili za mfano tu. Shule ya mlimani ina watoto 400; itapata 3,500 × 400 = 1,400,000. Shule ya mjini ina watoto 1,600, itapata 5,600,000. Kila mtoto amehesabiwa sawasawa, na mtu atasema haki imetendeka. Lakini kila shule ina mlinzi, ina paa linalovuja, ina tangi la maji. Tuseme mambo hayo hula faranga 600,000 kwa mwaka, watoto wawe wengi au wachache. Mlimani zitabaki 800,000, yaani 2,000 kwa kila mtoto. Mjini zitabaki 5,000,000, yaani 3,125 kwa kila mtoto. Basi mgawo ulio sawa mlangoni si sawa tena ukifika darasani.

Sisemi kwamba shule kubwa haina taabu. Mimi nalisoma mjini kwa zamu: wenzetu asubuhi, sisi mchana, nusu siku tu ya masomo, na benchi moja kwa watoto wanne. Shida ya mjini ni nafasi. Shida ya mlimani ni vifaa. Dawa moja haiponyi magonjwa mawili.

Tatu, tujihadhari na asilimia. Shule ya mlimani yenye watahiniwa 20 ikifaulisha 18, twasema asilimia 90, na watu wapiga makofi. Mwakani watoto wanne wakiugua malaria wiki ya mtihani, yashuka kuwa asilimia 70, na watu wanamlaumu mwalimu mkuu. Katika shule ya watahiniwa 160, watoto hao wanne ni asilimia mbili na nusu tu. Kadiri shule ilivyo ndogo, ndivyo alama zake zinavyoyumba. Kuipunguzia fedha kwa matokeo ya mwaka mmoja ni kuiadhibu kwa bahati mbaya.

Nne, jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1862 Uingereza iliweka sheria ya kulipa shule kwa matokeo. Mkaguzi alimtahini mtoto katika kusoma, kuandika na hesabu. Kwa kila somo aliloshindwa, shule ilipoteza shilingi 2 na peni 8. Ikawaje? Walimu wakakaririsha watoto kitabu kimoja mpaka wakakisema bila kukitazama, na masomo yasiyolipiwa yakaachwa. Katika miaka ya 1890 mpango huo ukaondolewa.

Je, fedha peke yake zaleta alama? Hapana. Mtihani wa mwaka 2021 nchini kwetu ulifaulisha asilimia 82.5 ya watoto wa darasa la sita. Zaidi ya 44,000 hawakufaulu. Tangu mwaka 2020 Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 22,505 ili kupunguza msongamano na mwendo mrefu, na Agosti 2022 mshahara wa walimu wa msingi uliongezwa kwa asilimia 88. Faida ya mambo hayo haionekani kwa siku moja. Lakini yote yalianza na swali lililo jema: kimepungua nini? Sisi katika majadiliano yetu tuliuliza swali jingine: nani ameshindwa?

Nimemwomba mwalimu wetu hoja ile irudishwe, nami nikae upande wa kupinga. Wenzangu watanicheka, na wacheke. Mkulima hamnyimi maji mche ulionyauka akaupa uliostawi. Mdogo wangu atafanya mtihani mwaka huu, na ningependa aukute ubao una chaki.

Maswali

1. Shule yenye watoto 800 itabakiwa na faranga ngapi kwa kila mtoto, kwa hesabu ya hapo juu?
2. Kwa nini asilimia za shule ndogo hubadilika upesi?
3. Kama ungepewa faranga 1,000,000 ugawie shule hizo mbili, ungezigawa vipi? Toa sababu zako.