Injini Iliyokimbia Mara Moja

Leo sitaandika juu ya ngeli wala mizani za shairi. Nataka tujifunze habari ya injini iliyoshinda mbio kubwa mara moja tu, kisha ikawekwa kando.

Kwanza, gari la langalanga ni lipi? Ni lile jembamba la mtu mmoja, magurudumu yakiwa nje bila kufunikwa. Huko Marekani, mbio za langalanga zenye sifa kupita zote ni Indianapolis 500, zilizoanza mwaka wa 1911. Madereva huzunguka uwanja mara 200, jumla maili 500, yaani kama kilomita 800. Wanaoshindana si madereva peke yao, bali hata watengenezaji wa injini.

Sasa tuje kwenye somo. Ndani ya injini kuna shafti yenye vinundu ambavyo hufungua vali. Katika injini nyingi za mbio, shafti hii hukaa juu, karibu na vali. Katika magari mengi ya zamani ya Marekani ilikaa chini, na fito ndizo zilizosukuma vali. Fito hizo ni mzigo, kwa hiyo injini haiwezi kuzunguka upesi sana.

Wenye kutunga sheria waliona injini ya fito itaonewa, wakaipa nafuu mbili. Iliruhusiwa ukubwa wa lita 3.43, huku nyingine zikipewa lita 2.65. Tena turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya silinda, iliruhusiwa kufikisha inchi 55 za zebaki badala ya 45. Sisi wa Fizikia tunajua kwamba hewa ya kawaida ni inchi 30 hivi. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huungua, na nguvu huongezeka.

Nafuu hiyo ilikusudiwa kuwafaa wenye karakana ndogo, watumie injini zilizotokana na magari ya barabarani. Lakini kufikia mwaka wa 1991, sheria haikudai tena kwamba injini ya fito itokane na gari la kawaida. Maneno machache yaliondolewa, na mlango ukabaki wazi!

Nani aliuona? Ni Mario Illien na Paul Morgan wa kampuni ya Ilmor, kule Brixworth, Uingereza, pamoja na Roger Penske mwenye timu. Waliunda kwa siri injini mpya kabisa ya mbio, lakini yenye fito. Simba mwenda pole ndiye mla nyama! Aprili 1994 ikatangazwa kwa jina la Mercedes-Benz. Ilisemekana ina nguvu farasi zaidi ya 1,000, na wapinzani wana kama 800. Tarehe 29 Mei, Al Unser Jr. akaanza wa kwanza na kumaliza wa kwanza. Mwenzake Emerson Fittipaldi ndiye aliyeongoza sehemu kubwa ya mbio, mpaka akagonga ukuta mizunguko kama 15 kabla ya mwisho.

Baadaye kiwango cha hewa kilipunguzwa hadi 52, kisha 48. Basi, injini ikaisha kazi. Mwaka wa 1995 timu ya Penske, ikiwa na injini nyingine, haikufuzu hata kuingia mbioni.

Je, huo ulikuwa wizi? Wengine watasema ndiyo, kwa sababu tajiri alikula chakula alichopikiwa maskini. Mimi nasema hapana: hawakuvunja hata neno moja. Kosa lilikuwa la mwandishi aliyefuta maneno bila kupima yanayobaki yanasema nini.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, usipite mbio juu ya swali la mtihani. Lisome neno kwa neno. Na ukipewa kazi ya kuandika sheria, hata ya chama chetu hiki, andika unachokusudia, maana atakayeisoma hataona moyo wako, ataona maneno yako tu.