Sala na Jembe

Kaskazini ya mji wa Dodoma ni Miyuji, katika nchi ya Wagogo. Nchi hiyo ni kame. Mvua yake ni ya miezi michache tu, na mazao yake ni mtama na uwele. Mkulima wa huko humwomba Mungu mvua, lakini haombi huku amelala. Hushika jembe, hulima, hupanda mbegu, tena huomba. Ajua ya kuwa mvua ni kazi ya Mungu, na jembe ni kazi yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mtu aombaye haki.

Miaka ya 1918 hadi 1920 njaa kubwa iliingia Ugogo, na Wagogo waliiita Mtunya. Mvua ilikosekana, lakini si ukame peke yake ulioleta msiba ule. Vita Kuu ilikuwa imepita katika nchi. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wenye nguvu walikamatwa wawe wapagazi. Mashamba yakakosa wa kuyalima. Inakadiriwa ya kuwa watu 30,000 walikufa.

Taabu ya wapagazi ilijulikana sana na Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Unguja tangu mwaka 1908. Mwaka 1916 aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja, akatembea pamoja nao, akaiona mizigo yao. Alikuwa mtu wa sala, naye alizoea kukaa saa nyingi kanisani mbele ya Mungu. Kanisa lake kuu lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kila aliyesali humo alikumbushwa habari za watu waliouzwa pale.

Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza katika nchi ya Kenya ilitoa agizo ya kwamba maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Hata wanawake na watoto walitajwa. Lakini mnyonge akihimizwa na mwenye nguvu, atakataaje? Maaskofu wengine walidhani ya kuwa kazi ya lazima yaweza kukubaliwa, ikiwekewa sheria nzuri. Weston hakukubali. Kwake yeye, kumshurutisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine kulikuwa kumrudisha utumwani.

Basi, baada ya kuomba, akashika jembe lake, yaani kalamu. Mwaka 1920 aliandika kitabu kidogo cha kuupinga uonevu ule, akasafiri mpaka Uingereza kuwaeleza wakubwa wa Kanisa na wa serikali. Hakuwa peke yake, J. H. Oldham na wengine huko London nao walishika kazi hiyo. Mwaka 1921 Winston Churchill, waziri wa makoloni, aliamuru ya kuwa maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia walowezi wafanya kazi. Taabu zote hazikwisha siku ile, maana watu walizidi kushurutishwa kufanya kazi za serikali. Lakini mlango mmoja wa uonevu ulikuwa umefungwa.

Mwaka 1923 Weston alihutubia mkutano mkubwa wa Wakristo huko London. Aliwafundisha ya kuwa hawawezi kumwabudu Yesu altareni, kisha wakapita wasimwone katika maskini wa mitaa yao. Mwaka uliofuata alikufa huko Hegongo, karibu na Magila.

Nabii Isaya alifundisha neno hilo zamani sana, katika mlango wa 58 wa kitabu chake: mfungo umpendezao Mungu ni kuvifungua vifungo vya walioonewa na kumgawia mwenye njaa chakula. Sala humpa mtu moyo wa kusema kweli mbele ya wakubwa, na kumtia nguvu asichoke kazi inapokawia kuzaa. Lakini shamba halilimwi kwa maneno. Mkulima wa Miyuji aliyeomba mvua bila kulima, mvua ikinyesha itaotesha magugu tu.

Maswali

1. Ni mambo gani yaliyoleta njaa ya Mtunya, zaidi ya ukame?
2. Kwa nini Weston alilikataa agizo la mwaka 1919?
3. Ni uonevu gani uliopo karibu nawe? Jembe lako ni lipi?