Somo: Manyoya ya mbwa ni afya ya nyumba

Ndugu wakulima, kwetu Mahagi mbwa analinda mbuzi, analinda na mahindi. Mangaribi anarudia nyumbani, watoto wanacheza naye. Kile kinajificha ndani ya manyoya yake kinaingia naye. Kwa hiyo tujifunze kuyachunga.

1. Kuchana
Mbwa wengi wa kwetu wako na manyoya mafupi. Kuwapangusa na kitambaa chenye maji kunatosha. Lakini mbwa wengine wadogo wako na manyoya ya aina mbili: marefu juu, na chini yake mengine laini kama pamba. Yale ya chini yanazuia baridi ya mulima. Ya juu yanazuia mvua na jua. Tusiyanyoe yote, hata wakati wa jua kali. Tuyachane mara mbili kwa juma, mbele ya kumuosha, juu manyoya yaliyofungana yakilowana yanakaza zaidi, na ngozi chini yake inapata vidonda.

2. Kutafuta kwa vidole
Kila juma tupitishe vidole mwili muzima.
- Kupe: ndani ya masikio, shingoni, kwapani. Tumushike karibu na ngozi, tumuvute polepole bila kumupasua.
- Funza: chini ya miguu, kati ya vidole.
- Upele: manyoya yanatoka pembeni ya masikio na kwenye viwiko, mbwa anajikuna sana. Unaweza kuambukiza watu. Tumuone munganga wa nyama.
- Viroboto: mayai yao yanaanguka pale mbwa analala. Kuosha mbwa peke yake hakutoshi. Tufagie kila siku, tuchome majani ya zamani, magunia tuyafue na maji ya moto na kuyaanika kwa jua.

3. Dawa ya shamba si dawa ya mbwa
Wengine wanachukua dawa ya kupulizia nyanya ao maharagi, wanapakaa mbwa ili viroboto vikufe. Hii ni hatari kubwa! Dawa inapita kwenye ngozi, tena mbwa anajilamba. Anatoa mate mengi, anatetemeka, anaweza kufa. Na mutoto mwenye kumushika anaweka mikono kinywani. Hata sindano ya minyoo ya ngombe tusiipime kwa macho. Kipimo cha ngombe si cha mbwa mudogo. Tutumie sabuni ya kawaida na maji, kiisha tumuulize munganga wa nyama dawa gani inafaa na kiasi gani.

Tena tukumbuke: mbwa mwenye kugeuka tabia gafula, tusimuguse. Akiuma mutu, tuoshe kidonda na sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, twende mbio kwenye kituo cha afya.

Maswali ya kikundi
1. Mbwa wetu wanalala wapi, na nani anafagia pale?
2. Dawa za shamba tunaziweka wapi, mbali na watoto na nyama?
3. Koperative yetu inaweza kuita munganga wa nyama kwa siku moja, ili mbwa wote wachanjwe pamoja?