SOMO: FENI YA HITA KATIKA GARI LA CHAMA

Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe na Makete, gari la chama linaloondoka alfajiri hukutana na ukungu njiani, na pumzi za waliomo hukijaza mvuke kioo cha mbele kwa ndani. Feni ya hita ndiyo inayopuliza kwenye kioo hewa iliyopashwa joto na maji ya injini, dereva apate kuona njia. Basi feni hiyo si anasa, na yafaa viongozi wanaoidhinisha fedha za matengenezo waielewe.

1. Jinsi kasi inavyopunguzwa

Feni huzungushwa na mota ya umeme wa betri. Mota ikipata volti zote 12 (au 24 katika malori makubwa), huzunguka kwa kasi yake yote. Ili izunguke polepole, umeme hupitishwa kwanza katika kikinza, ambacho mafundi hukiita rezista, yaani nyaya zilizoviringwa ambazo huuzuia umeme kwa kiasi. Swichi ikiwa namba 1, umeme hupita katika nyaya zote. Namba 2 na 3, katika baadhi tu. Namba 4, huenda kwenye mota bila kupita katika rezista.

Nguvu inayozuiwa hugeuka kuwa joto. Kwa mfano, rezista ikizuia volti 7 wakati mota inatumia ampea 5, hutoa joto la wati 35. Ndiyo sababu huwekwa ndani ya njia ya hewa, ili feni yenyewe iipoze. Magari mengi mapya hutumia kidhibiti cha elektroniki badala ya nyaya hizo.

2. Kutambua hitilafu

Ikiwa namba 4 inafanya kazi lakini 1, 2 na 3 hazifanyi, mota haijafa. Mara nyingi rezista ndiyo iliyokatika. Ikiwa hakuna namba inayofanya kazi, fundi aanze na fyuzi, kisha swichi, nyaya na mota.

3. Kuzuia hasara

Rezista huungua kwa sababu. Majani yaliyoingia katika feni, au mota iliyochakaa, huifanya feni izunguke kwa shida. Mota huvuta umeme mwingi, na rezista hupata joto kupita kiasi. Kabla ya kuweka rezista mpya, feni isafishwe na mota ikaguliwe. La sivyo nayo itaungua, na chama kitalipa mara mbili. Tena ni mwiko kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoagizwa, au kipande cha waya mahali pake, kwani gari laweza kushika moto.

Maswali ya kujadili

(a) Kwa nini rezista huwekwa penye upepo wa feni?
(b) Fundi akiomba fedha za mota mpya, katibu amwulize nini kabla ya kulipeleka ombi hilo kwenye kamati?