Korona Ilipoondoka, Iliondoka na Sabuni?

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipoingia katika duka la mtaa wenu. Je, uliukuta mlangoni ule mtungi wa maji wenye mfereji, na kipande cha sabuni kando yake? Na kama uliukuta, ulikuwa na maji?

Mwaka wa 2020 mitungi hiyo ilijaa kila mahali: dukani, benki, steji ya matatu, langoni mwa kanisa na msikiti. Leo mahali pengi imetoweka, na palipobaki mmoja aghalabu ni mkavu. Katika somo la wiki hii tutachunguza jinsi tabia za afya za kila siku zinavyobadilika wakati wa janga, kwa nini nyingine hudumu ilhali nyingine hufifia, na ni zipi unazopaswa kuzirejesha nyumbani mwako.

Nguzo tatu za tabia

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza kufungwa kwa shule. Machi 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili barakoa zikawa lazima hadharani.

Watu waliokuwa wakisalimiana kwa mkono tangu utotoni walianza kugusanisha viwiko. Waliokuwa wakinawa kabla ya kula pekee walinawa kila walipoingia mahali.

Ni nini kilichowabadilisha watu haraka hivyo? Yalikuwapo mambo matatu. La kwanza ni hofu: kila jioni tulisikia idadi ya walioambukizwa na waliofariki. La pili ni amri ya serikali, iliyoandamana na polisi na faini. La tatu ni vifaa: maji na sabuni viliwekwa pale pale mtu alipopita. Kaunti ya Bungoma ilimtoa hata mvulana wa miaka tisa aliyeunda chombo cha mbao cha kunawia, kinachomimina maji mtu akikanyaga kwa mguu, naye akatuzwa na Rais Juni 2020.

Sasa tazama yaliyofuata. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Machi 2022 barakoa katika maeneo ya wazi zikaacha kuwa lazima. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Korona si dharura tena ya kimataifa. Hofu ikaisha, amri ikaisha. Nguzo iliyoweza kubaki ni ile ya tatu, nayo ndiyo tuliyoing'oa wenyewe.

Si Kenya pekee

Jambo hili si geni. Wakati wa homa kali ya mafua ya 1918, mji wa San Francisco nchini Marekani uliwalazimisha wakazi kuvaa barakoa. Novemba 21, 1918 amri hiyo ilipoondolewa, watu walizivua na kuzitupa barabarani kwa shangwe. Ugonjwa uliporudi, Januari 1919 wakuu wa mji waliirudisha amri, na safari hii wakapingwa vikali. Tabia iliyosimama juu ya amri peke yake ilianguka pamoja na amri.

Linganisha na kisa kingine cha Marekani. Zamani abiria wa treni na watoto wa shule walikunywa maji kwa kikombe kimoja kilichofungwa kando ya pipa. Mwaka wa 1909 jimbo la Kansas lilipiga marufuku kikombe hicho cha umma ili kuzuia magonjwa kama kifua kikuu, na majimbo mengine yakafuata. Tabia hiyo haikurudi. Kwa nini? Kwa sababu kikombe chenyewe kiliondolewa, na mahali pake pakaja vikombe vya karatasi na mifereji ya kunywea. Mtu hakuhitaji kuogopa wala kukumbushwa.

Basi funzo ni hili: tabia iliyoletwa na hofu huondoka na hofu, lakini tabia iliyofungamana na mahali na kifaa hukaa.

Kwa nini tujali?

Huenda ukasema, "Korona imepungua, ya nini kujisumbua?" Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mikono haibebi Korona pekee. Oktoba 2022, miezi michache tu baada ya watu kulegeza tahadhari, mlipuko wa kipindupindu ulianza nchini ukaenea katika kaunti nyingi na kuua watu hadi mwaka uliofuata. Chanzo cha kipindupindu ni maji na vyakula vichafu, na mikono isiyonawiwa baada ya kutoka msalani ni daraja lake. Magonjwa mengine ya kuhara nayo bado huua watoto wa chini ya miaka mitano.

Sabuni hufanya kazi mbili. Virusi vya Korona vimefunikwa kwa utando wa mafuta. Sabuni huupasua utando huo na virusi vikafa. Viini vingine, sabuni huvibandua kwenye ngozi pamoja na uchafu na mafuta, kisha maji yakavichukua. Ndiyo maana kusugua kwa sekunde 20 ni muhimu, na maji matupu hayatoshi. Vitakasa mikono vyenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi hufaa ukiwa safarini, lakini mikono ikiwa na uchafu, au ukitoka msalani, tumia maji na sabuni. Baadhi ya virusi vya kuhara havina utando wa mafuta, na alkoholi haiviui vyema.

Tabia mbaya zilizobaki

Janga halikuleta mazuri pekee. Wapo waliozoea kukwepa hospitali. Mwaka wa 2020 mtu aliyekohoa alijificha, akiogopa karantini na macho ya majirani. Kwa mujibu wa WHO, wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa duniani walipungua kutoka milioni 7.1 mwaka wa 2019 hadi milioni 5.8 mwaka wa 2020. Ugonjwa wenyewe haukupungua. Wagonjwa walibaki majumbani wakiwaambukiza jamaa zao.

Wengine walizoea kujinunulia dawa za kuua bakteria kila wapatapo mafua. Dawa hizo haziui virusi. Ukizitumia ovyo, bakteria huzizoea, na siku utakapozihitaji kwelikweli hazitakusaidia. Chai ya tangawizi na malimau hutuliza koo, lakini si tiba ya homa ya mapafu.

Jipime mwenyewe

Jibu maswali haya ukiwa na jamaa zako:

1. Je, pana maji na sabuni hatua chache kutoka mlango wa choo chenu? Kama mnatumia choo kimoja na wapangaji wengine, changeni pesa mnunue mtungi wenye mfereji, na mpange zamu ya kuujaza.

2. Je, watoto hunawa kabla ya kula bila kuambiwa? Weka maji karibu na meza, nao watajifunza kwa kuona.

3. Je, unapokohoa unaziba kinywa kwa kiwiko au kitambaa? Ukiwa na kikohozi na huna budi kupanda matatu, vaa barakoa.

4. Je, kuna yeyote nyumbani aliyekohoa zaidi ya wiki mbili? Mpeleke akapimwe. Matibabu ya kifua kikuu hayalipishwi katika hospitali za umma.

5. Je, chanjo za mtoto zimekamilika? Angalia kadi yake ya kliniki leo.

Kama umejibu "la" kwa swali lolote, anza na la kwanza. Usingoje tangazo la Waziri. Gharama yake ni mtungi, kipande cha sabuni na mtu wa kuujaza kila asubuhi. Kinga ni bora kuliko tiba, nayo huanzia mlangoni mwa choo chako.