Vijidudu vya Mtindi Vinavumilia Nini?



Tulimtembelea mama mmoja anayeuza mtindi Sinza, Dar es Salaam. Tulimkuta na huzuni. Alikuwa amechemsha lita 10 za maziwa, akatia mbegu, yaani mtindi wa jana, akafunika. Asubuhi maziwa hayakuganda, yalinuka. Akatuuliza, "Jamani, nimelogwa?"

Hakulogwa. Alitia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto sana. Mbegu ikafa.

Mbegu inakufaje? Ndani ya mtindi mna vijidudu hai viitwavyo bakteria. Hatuvioni kwa macho. Wako bakteria wa magonjwa, na wako wenye faida. Hawa wa mtindi hula sukari ya maziwa na kutoa ukali. Ukali huo hugandisha maziwa, tena huzuia vijidudu vingi vibaya.

Vijidudu hivi hupata shida nne.

JOTO. Likipanda kidogo kidogo, hutengeneza protini za kukarabati miili yao, kama fundi anavyoziba nyufa za nyumba. Moto wa ghafla hauvipi nafasi hiyo.

BARIDI. Katika friji vingi havifi, hulala tu. Umeme ukikatika, huamka na kula tena. Ndiyo maana mtindi huzidi kuchacha.

UKALI. Husukuma ukali nje ya miili yao, kama mvuvi anavyotoa maji katika mtumbwi unaovuja. Kazi hiyo inachosha. Mtindi ukikaa siku nyingi, vingi hufa.

UKAVU. Vikikaushwa kwa utaalamu, hulala kama mbegu ya mahindi ghalani. Vikitiwa kwenye maziwa, huamka.

Si Sinza tu wanaohangaika na mbegu. Mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mwanza, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa kwa faida yao mwilini. Walishirikiana na wataalamu wa utafiti wa Mwanza na wa chuo kikuu kimoja cha Canada.

Basi, tufanye hivi:

1. Tuchemshe maziwa kwanza. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na magonjwa mengine.

2. Tuyaache yapoe. Dondosha tone mkononi. Likichoma, ngoja. Likiwa vuguvugu, tia mbegu.

3. Tutumie mbegu safi, isiyokaa siku nyingi.

4. Yakiganda, tuyaweke mahali pa baridi. Tusiuchemshe mtindi, tutaua vijidudu vyake.

Lakini tukumbuke, mtindi ni chakula, si dawa. Mtoto akiharisha, apewe maji ya ORS na apelekwe zahanati.

Yule mama alijaribu tena, safari hii kwa lita 2 tu. Asubuhi alifunua sufuria, akacheka. Maziwa yalikuwa yameganda.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maziwa ya yule mama hayakuganda mara ya kwanza?

2. Umeme ukikatika, mtindi unakuwaje? Kwa nini?

3. Nyumbani kwako mbegu ya mtindi inatunzwaje?